Kutoka Ndani ya Bomba

Mtaani walimwita Spidi, na walimwita hivyo kwa kumtania, maana hapakuwa na mtu mzito wa mwendo kama yeye. Alikwenda kazini kwa baiskeli, na wanafunzi wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao walimpita kwa miguu. Ukimuuliza swali, unaweza kwenda dukani, ukapiga soga na muuzaji, ukarudi ndipo unajibiwa. Jina lenyewe lilitokana na kile kilicholala uani kwake chini ya turubai.

Kilikuwa gari, ila usifikirie gari la kukupeleka sokoni. Lilikuwa refu kama chumba na sebule vikiunganishwa, jembamba kama kitanda cha mtoto, limechongoka mbele, na nyuma lina pezi la bati lililosimama. Halikuwa na taa, halikuwa na honi, na kona lisingekata hata ungelipigia magoti. Majirani waliliita Bomba. Lilitengenezwa kwa kazi moja tu: kukimbia mstari ulionyooka juu ya ziwa lililokauka, kwa mwendo ambao hakuna gari lenye injini ndogo kama yake lililowahi kuufikia pale, kisha jina la dereva lisomwe kwenye kipaza sauti. Basi. Watu wazima wenye akili timamu humaliza maisha yao wakitafuta kusomwa jina namna hiyo. Mimi siwacheki, kwa sababu nimeona watu wakimaliza maisha yao kwa mambo ya kipuuzi zaidi na bado wakaitwa waheshimiwa.

Mchana Spidi alikuwa fundi bodi kwenye gereji ya mtu. Magari yaliletwa yakiwa yamebondeka, naye aliyanyoosha kwa nyundo na kipande cha chuma cha kuegemezea, akayapaka puti ya kuziba mabonde, akayapiga msasa, akapitisha kiganja huku amefumba macho kutafuta penye bonde. Ni kazi isiyo na shukrani. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba umeifanya. Mteja anazunguka gari lake, haoni kitu, anaondoka.

Bomba alilianza akiwa kijana mwembamba, bwana harusi wa juzi. Alianza na kiti. Katika magari ya namna ile kiti hakinunuliwi, kinamiminwa, na gari lote linafuata kiti. Alilala chali ndani ya fremu akiwa na kaptura tu, akafunikwa nailoni, na mkewe akamimina chini yake povu lile ambalo ukichanganya maji yake mawili linafura na kuganda. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba povu likiganda linachoma. Spidi alipiga mayowe, mkewe akacheka mpaka akakaa chini, na wakati wanacheka na kupiga mayowe povu likashika kila kitu: mabega, mfereji wa uti wa mgongo, hata tako moja lililokaa juu kidogo kuliko lenzake. Akapinda mabomba ya fremu yafuate mabega yale, na bati likafuata mabomba. Upepo haupendi mtu mpana, alisema, kwa hiyo hakuacha nafasi hata ya kupitisha kidole.

Halafu maisha yakaingilia kati, kama kawaida yake. Paa la nyumba likavuja. Binti akazaliwa, akasoma, akaolewa mbali. Injini ikapatikana, ikafa, ikapatikana nyingine. Kila mwaka Spidi aliongeza kitu kwenye gari, na kila mwaka mwili nao uliongeza chake. Yeye ambaye kiganja chake kiliweza kugundua bonde la unene wa unywele kwenye mlango wa mteja hakuwahi kukipitisha juu ya tumbo lake mwenyewe. Bega la kushoto likaganda baada ya kuteleza kwenye ngazi ya gereji, mkono ukawa unainuka hadi usawa wa kidevu kisha unagoma. Kulipanua Bomba kungekuwa sawa na kulitengeneza upya, kwa hiyo aliamua kwamba chuma kitabaki kilivyo, atakayebadilika ni yeye. Akaacha chakula cha jioni. Mkewe akaipanua ovaroli yake ya mbio mbavuni, akaipanua tena, na tena.

Mwaka ule zikaja habari kwamba ziwa linafungwa. Patajengwa mitambo ya umeme wa jua, nguzo kwa nguzo, kutoka ukingo hadi ukingo. Mbio za mwaka ule zingekuwa za mwisho.

"Basi ni sasa," Spidi alisema.

"Ni sasa au basi," mkewe akajibu.

Sasa, chama cha mbio kilikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mchezo. Kabla gari halijaruhusiwa kukimbia, dereva anafungwa mikanda yote ndani yake, amevaa ovaroli na glavu na helmeti, anafungwa kitambaa machoni kana kwamba kuna moshi, kisha mkaguzi anapaza sauti: "Moto!" Hapo dereva anatakiwa atoke peke yake kabla muda haujaisha. Akishindwa, hakimbii, hata gari lingekuwa la dhahabu.

Wakaanza mazoezi uani, siku za mapumziko, jua likiwa juu. Siku ya kwanza mke alipopiga kelele "Moto! Moto! Toka!", jirani aliruka ukuta na ndoo ya maji, akaimwaga yote kwenye injini kabla hajaambiwa. Ikabidi waikaushe injini na kumpa chai, na kuanzia hapo mtaa mzima ulijua kwamba moto wa kwa Spidi ni wa uongo.

Mikanda haikumshinda. Usukani aliuchomoa vizuri, kifuniko cha juu ya kichwa alikisukuma vizuri. Shida ilikuwa pale bega zima linapotoka na bega bovu linabaki, mbavu zimeegemea ukingo wa tundu la kutokea, na makalio yamenasa kwenye povu lililoyajua yalipokuwa ya kijana. Pale alihangaika, akatweta, na mkewe akasimama juu yake ameshika saa.

Mkewe alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, hospitalini. Miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kuinua watu wasioweza kujiinua. Mkono wake ulikuwa na mazoea yake: kabla mgonjwa hajaomba, umeshaingia chini ya kwapa, na mdomo umeshasema, "Haya, twende." Wiki ya kwanza alimwacha Spidi ahangaike. Wiki ya pili mkono ulikwenda wenyewe.

"Umenigusa?" Spidi aliuliza akiwa amekaa juu ya ukingo, kitambaa bado machoni.

"Nimekugusa tu."

"Kugusa si kuvuta."

"Nani kasema kuvuta?"

Hawakulizungumza tena. Kugusa kukawa kushika, kushika kukawa kunyanyua, na saa ikawa inasoma vizuri kila wiki. Mwili wa Spidi ukajifunza wimbo mpya: fungua, chomoa, sukuma, toa bega zima, kisha lalia kushoto na usubiri. Mkono unakuja, unatoka. Usiniambie hakujua. Alijua, kama mtu anavyojua kwamba mizani ya nyumbani inampunguzia kilo, na bado anaisimamia hiyo hiyo. Mkewe naye alijua. Kila mmoja alimwonea huruma mwenzake, na huruma ya watu wawili ikikaa nyumba moja haina wa kuikemea.

Shemeji yake Spidi, kaka wa mke, alikuwa na lori. Alikuwa mtu wa maneno mengi na ndiye pekee aliyeamini bila kuficha. "Shemeji," alisema wakilifunga Bomba kwa kamba, "ukirudi hapa hawatakuita Spidi kwa kukutania tena. Watakuita kwa kukuogopa."

Ziwa lilikuwa jeupe, limekauka na kupasuka vipandevipande kama sahani za udongo, halina jani wala jiwe, na upande wa mbali ardhi na mbingu zilichanganyika kwenye mvuke wa joto. Mahema yalipangwa mstari mmoja. Watu walilala chini ya magari yao, wakapigiana kelele juu ya injini, wakaazimana spana. Bomba liliposhushwa wakaacha kazi zao, wakaja kulizunguka. Hawakucheka. Walipitisha viganja juu ya bati kutoka pua hadi pezi, na hakuna kiganja kilichokutana na bonde. Mwanadada mmoja mwembamba, bingwa wa pikipiki pale ziwani, alichuchumaa akatazama maungio kwa muda mrefu.

"Fundi, nani kachomelea hili?"

"Mimi."

"Na bati?"

"Mimi."

"Nimekuja hapa miaka mingi," yule mwanadada alisema, "sijaona mkono kama huu."

Spidi alikosa pa kuangalia. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kufanya watu wasione kitu, na sasa watu walikuwa wanaona. Akajifanya anakaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tangu nyumbani. Kama siku ile ingeishia hapo, ningekuwa nimewaandikia hadithi nzuri.

Mkaguzi mkuu alikuwa mtu wa zimamoto mstaafu, sikio lake moja limeungua likabaki kama kipande cha ngozi kilichokunjwa. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilitisha kuliko ukali. Akazungusha kamba kuwatenga watazamaji, akamgeukia mke wa Spidi aliyekuwa amesimama ndani.

"Mama, naomba usimame nyuma ya kamba. Mtu yeyote akimgusa, imekwisha. Hata kwa kidole."

"Nimesikia," mke alisema, akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani, vidole akavibana kwapani mwake.

Spidi aliingizwa. Kuingia kulimgharimu muda na pumzi, akafungwa mikanda, akavalishwa glavu na helmeti, akafungwa kitambaa.

"Moto!"

Akafungua, akachomoa, akasukuma. Kifuniko kikafunguka, joto la ziwa likamwingia shingoni. Akatoa bega zima. Kila kitu kilikwenda kama uani, haraka kuliko uani, akasikia shemeji yake akipaza sauti, "Huyo! Huyo!" Akalalia kushoto.

Akasubiri.

Mwili ulisubiri. Kichwa kilijua vizuri kabisa kwamba hakuna kinachokuja, lakini mwili ulikuwa umefundishwa na umefundishika. Mkono wake wa kulia ukainuka hewani, glavu wazi, ukabaki pale ukitafuta mbele ya watu wote.

"Dereva, unaomba msaada?" mkaguzi aliuliza.

"Hapana!"

Mkono ukashuka. Akasukuma kwa miguu, mbavu zikakwama kwenye ukingo, akasukuma tena zikakwama zaidi. Alisikia mlio unatoka kooni mwake ambao hakuwahi kuusikia, kama wa mlango mbovu. Akaacha kusukuma. Akabana pumzi, akatulia kabisa, akauliza makalio yake na miguu yake kama anavyouliza bati lililobondeka: wapi panakubali? Na kisigino cha kulia kikaona mahali, mkunjo mdogo ndani ya povu. Akakikaza pale. Nyonga ikasogea. Akakaza tena, ikasogea tena, ikaachana na povu, na kwa mara ya kwanza tangu waanze mazoezi Spidi alihisi uzito wake ukipanda juu kwa nguvu zake mwenyewe.

Hapo mkono ukaingia chini ya kwapa.

"Haya, twende," mkewe alisema, na Spidi akatoka mzimamzima, akadondoka naye juu ya ziwa jeupe.

Mkaguzi alibonyeza saa yake, akaitia mfukoni bila kumwonyesha mtu. Akamfungua Spidi kitambaa yeye mwenyewe.

"Pole, fundi."

"Muda ulikuwa umeisha?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

Mzee yule alikuna sikio lake lililoungua. "Ulikuwa bado," alisema. "Si mwingi. Lakini ulikuwa bado."

Walikaa kivulini mwa lori, mume na mke, Bomba mbele yao likiwa wazi. Pikipiki na magari ya wengine yalipita mbali yakivuta vumbi jeupe, na baada ya kila moja majina yalisomwa.

"Ungeniacha," Spidi alisema.

"Ulikuwa umeacha kuhema."

"Nilikuwa najipanga."

"Mimi nilichosikia ni kwamba umeacha kuhema. Wodini mtu akiacha hivyo sisubiri nione anajipanga nini."

"Nilikuwa natoka. Nyonga ilishatoka. Ningetoka!"

Mkewe aliitazama mikono yake miwili mapajani kana kwamba si yake, machozi yakamtoka bila sauti. Spidi alimwona na hakumfuta. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimfaa, maana ilikuwa imejaa mahali ambapo bila hiyo pasingekuwa na kitu.

Yule mwanadada wa pikipiki akaja, na shemeji nyuma yake akishangilia tayari.

"Fundi, nimeongea na mkaguzi," alisema. "Kubadilisha dereva kunaruhusiwa mpaka jua litue. Nipe mimi. Nitaweka mto mgongoni nijaze kiti. Kutoka humo kwangu si kazi. Jina lako litasomwa kama mjenzi, mimi nitakuwa dereva tu."

"Shemeji! Mungu akupe nini tena?" kaka wa mke alisema.

Mke akajifuta uso kwa haraka, akamgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa imejaa matumaini hata ikauma kuisikia. "Mpe, baba. Likimbie. Walau likimbie tuone."

"Hapana," Spidi alisema.

Alijibu papo hapo. Shemeji yake akadakia. "Hapana ya nini? Wivu? Gari la maisha yako yote lirudi nyumbani kwa sababu ya wivu?"

"Si wivu."

"Basi kuna nini?" mwanadada aliuliza. "Mimi nimepanda mabovu kuliko hili."

"Wewe una watoto?"

"Wawili. Kwani vipi?"

Spidi aliinuka, akaenda hadi nyuma ya Bomba, akaweka kiganja juu ya bati, karibu na ekseli. "Hapa ndani," alisema, "kuna bomba nililookota kwenye vyuma chakavu nilipoanza. Nilikuwa kijana, sikujua kuchagua. Lilikuwa na kutu ndani. Nimelijengea juu, nimelijengea pembeni, sasa siwezi kulifikia bila kulikata gari lote. Mkaguzi hawezi kuliona. Kwa mwendo wa kawaida litashika. Kwa mwendo wenyewe, labda litashika. Labda halitashika."

Mwanadada alitazama mahali pale palipokuwa laini, pasipo alama yoyote. Kisha akampiga Spidi begani, lile zima, akaondoka. Shemeji akaondoka upande wake kwenda kutafuta kamba.

"Umelijua hilo tangu lini?" mke aliuliza. Alikuwa bado amekaa chini.

"Zamani."

"Kabla ya mazoezi?"

"Kabla."

"Mimi nasimama pale uani, napiga kelele, majirani wananicheka. Nakupanulia ovaroli. Nakupima kwa saa. Nikiona umekwama nakuvuta, usiku nalala nawaza itakuwaje siku ya siku nikiwa mbali na kuna moto kweli. Na wewe umelala pembeni yangu, unajua."

"Ningekwambia ungenikataza."

"Ndiyo. Ningekukataza. Yule mtoto wa watu umemwonea huruma, humtaki humo. Wewe ulikuwa unaingia. Haya niambie, maana mimi mambo ya mbio siyajui. Ulikuwa na mpango wa kutoka?"

"Nilitaka kukimbia tu, mama. Mara moja."

"Sijakuuliza kukimbia."

Spidi alitafuta jibu kwa dhati, kwa sababu alimpenda na alijua anastahili la kweli. Miaka yote ile aliiona mbio ile kichwani, kazini na barabarani na mezani: injini ikipanda sauti, pua imenyooka, weupe ukimjia, usukani ukitulia mikononi pale mwendo unapofika. Aliijua kila hatua yake. Akatafuta baada ya hapo. Hakuwahi, hata mara moja, kujiona akikifungua kifuniko, akishuka, akimtafuta mkewe kati ya watu.

Mkewe alimsubiri muda wa kutosha. Kisha akajikung'uta vumbi jeupe kwenye nguo, akapanda lori, akakaa mbele kwenye kiti cha karibu na cha kaka yake, akimwacha Spidi peke yake na Bomba.